Akili haizimwi na kuwashwa kama simu

"Nataka kuriseti akili." Maneno haya yamezagaa, kwenye matatu za Bamburi, kwenye ofisi za Moi Avenue na kwenye video fupi zinazotumwa usiku kutoka simu hadi simu. Mtu akilalamika kwamba kichwa kimejaa na mawazo hayaji, anapewa dawa ile ile: akae saa 24 bila simu, afunge "dopamini", yaani ajinyime kila kinachompa raha ya haraka, aoge maji baridi alfajiri, aketi asiwaze chochote. Baada ya hapo, anaambiwa, ubunifu utamiminika wenyewe. Wengi hujaribu. Siku ya tatu wamerudi pale pale, na mbaya zaidi wanajilaumu kwamba hawana nidhamu au hawakuzaliwa na kipaji.

Hawana kosa. Maelekezo waliyopewa yanaichukulia akili kama mashine yenye kitufe kimoja, ilhali kinachoitwa "kichwa kimejaa" ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kwanza tuelewane maneno. Umakini ni uwezo wa kushika jambo moja na kuyazuia mengine yasiingilie. Ubunifu ni kutoa kitu kipya ambacho pia kinafaa. Sharti yote mawili yawepo. Mfano mzuri tunao Mombasa, kwenye maduka ya leso ya Biashara Street. Leso ina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yale maneno yaliyochapwa chini ya mji. Jina geni ambalo hakuna mwanamke anayelielewa halitauzika. Jina linaloeleweka lakini limeshachapwa mara hamsini halitauzika pia. Anayetunga jina la leso anatafuta kile kijinafasi chembamba kati ya hayo mawili, na tutarudi kwake baadaye.

Sasa yale mambo matatu: kuchoka, kutawanyika na kuganda.

Kuchoka ndiko rahisi kueleza. Tangu unapoamka, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokuvuta. Kulala ndiko kunakoipunguza. Kahawa haiipunguzi, kafeini huziba tu zile sehemu ambazo adenosini ingezigusa, kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake. Kafeini ikiondoka, adenosini iko pale pale inasubiri. Tena haiondoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake hubaki mwilini baada ya saa tano hivi. Vikombe viwili vya kahawa chungu kutoka kwenye dele saa mbili usiku, pale barazani, maana yake ni kwamba saa saba usiku bado una kama kikombe kizima kichwani. Huenda ukapata usingizi, lakini utakuwa mwepesi. Anayetaka akili ya asubuhi na asogeze kahawa yake hadi alasiri, isipite saa tisa au kumi. Mazungumzo ya barazani yanaweza kuendelea kwa tangawizi.

Usingizi wa mchana nao una kipimo. Dakika 10 hadi 20 zinatosha kuamsha umakini. Ukipitisha nusu saa, unaanza kuzama kwenye usingizi mzito, na anayeamshwa kutoka huko huamka na mang'amung'amu yanayoweza kumkaa nusu saa nyingine au zaidi. Hapo ndipo watu husema "usingizi wa mchana hunifanya mzito", kumbe tatizo ni urefu wake. Weka kengele ya dakika 20, lala kabla ya saa tisa, na usijifunike: mwili hupata usingizi ukipoa kidogo ndani, ndiyo maana usiku wa Machi, joto lisiposhuka, mji mzima huamka umechoka. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha kukaa mbele ya feni, husaidia hasa kwa sababu damu hukimbilia kwenye ngozi na kulitoa joto lile nje.

Mtu aliyechoka hahitaji mbinu yoyote ya ubunifu. Anahitaji kulala. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu mitandao inauza mbinu kwa watu ambao wanalala kwa muda wa saa tano tu, na hakuna mbinu inayolipa deni hilo.

Kutawanyika ni jambo jingine kabisa. Unaweza kuwa umelala vizuri na bado kichwa kinavuma. Kinachotokea ni hiki: kumbukumbu tunayoitumia kufanyia kazi kwa wakati huu, ile inayoshika namba ya simu kabla hujaiandika, ni ndogo mno. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alionyesha kwamba kwa kawaida inashika mambo manne hivi kwa pamoja. Ifananishe na sinia lenye nafasi ya vikombe vinne. Ukiongeza cha tano, kimojawapo kitaanguka.

Kila jambo lisilomalizika hushikilia kikombe. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alieleza kwamba mtu akihama kutoka kazi moja kwenda nyingine kabla ya kuifunga ile ya kwanza, sehemu ya umakini wake hubaki nyuma. Aliuita huu mabaki ya umakini. Hapo ndipo simu inapotuumiza. Wewe unasema umepumzika dakika tano, lakini katika dakika hizo umesoma ujumbe wa kikundi cha familia kuhusu mchango wa harusi, ukaona habari ya ajali, ukamwona rafiki amenunua gari, ukaanza kumjibu mteja na hukumaliza. Unarudi kwenye kazi yako na sinia limejaa vikombe vya watu wengine. Umebadilisha kazi, hujapumzika.

Dawa ya kutawanyika ni kufunga mambo, na njia nafuu ya kuyafunga ni kuyaandika. Haina haja kuyamaliza. Utafiti wa Masicampo na Baumeister wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba jambo ambalo halijakamilika huacha kumsumbua mtu akishaweka mpango mahususi wa lini na vipi atalifanya. Neno la kushika hapo ni mahususi. Ukiandika "bomba", umejikumbusha wasiwasi. Ukiandika "kesho saa nne kumpigia fundi wa bomba, kumuuliza bei ya koki", akili inaachia. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwapa watu 57 dakika tano za kuandika kabla ya kulala. Walioandika mambo ya kufanya siku zinazofuata walipata usingizi mapema kwa wastani wa dakika tisa hivi kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na orodha ikiwa ndefu na ya kina, usingizi uliwahi zaidi. Wengi tunadhani kufikiria kesho kabla ya kulala ndiko kunakotukosesha usingizi. Kinachotukosesha ni kuifikiria bila kuiandika.

Kuna pia vituo ambavyo mji huu umeshatupa. Anayeswali ana vituo vitano kwa siku ambapo huacha alichoshika, hutia udhu na kusimama. Swala ina makusudio yake makubwa kuliko haya na haifai kugeuzwa tiba ya ofisini. Lakini tazama kinachoharibu utulivu ule: mkono unaoingia mfukoni kutafuta simu kabla viatu havijavaliwa. Anayevuka Likoni ana kituo kingine. Dakika zile chache za juu ya feri, simu ikiwa kwenye mkoba uliofungwa (wezi nao wakakosa nafasi) na macho yakiwa mbali kwenye maji ya Kilindini, zinatosha kuacha kazi ng'ambo moja na kufika nyumbani ng'ambo ya pili. Ukikosa vyote, pumzi ipo. Vuta kwa pua kwa sekunde 4, toa polepole kwa mdomo kwa sekunde 6. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Dakika tano zinatosha. Wanaopata kizunguzungu na ganzi vidoleni wanapumua kwa nguvu na kwa haraka mno, wakipoteza hewa ya kaboni kuliko mwili unavyotaka. Punguza nguvu, usiongeze.

Hapa nisimame kwenye ile habari ya dopamini, maana imepotosha wengi. Dopamini ni kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo, na tunaihitaji ili kujongea, kujifunza na kuwa na hamu ya jambo. Wagonjwa wa Parkinson hupoteza seli zinazoitengeneza, ndipo mikono hutetemeka na hatua zikawa nzito. Haijai kama tanki na haimwagwi kwa kukaa siku moja bila simu. Kukaa mbali na simu kuna faida, lakini faida hiyo inatokana na kuvunja mazoea ya mkono na kuacha kujaza sinia. Tofauti hii ina maana kwenye vitendo. Anayeamini anamwaga kemikali hujinyima Jumapili nzima, kisha Jumatatu huishika simu kama kawaida akidhani ameshasafishwa. Anayejua kwamba ni mazoea huiweka simu chumba kingine kwa saa moja kila siku, na hilo la pili ndilo linalodumu.

Sasa tufike kwenye kuganda, na hapa ndipo ubunifu wenyewe ulipo.

Kuganda ni pale ambapo huna usingizi, hukutawanyika, umekaa na kazi yako, na bado fikra zinarudi kwenye jibu lile lile. Ni kama jina la mtu unalolijua: liko mdomoni, halitoki, na jina jingine lisilo lenyewe linajileta kila mara. Ukizidi kulilazimisha, lile lisilo lenyewe ndilo linalozidi nguvu. Njia ya mguu kwenye majani hutokea hivyo hivyo: kila anayepita huifanya iwe rahisi zaidi kwa anayefuata, hata kama haielekei unakotaka.

Wanaposema "acha kuwaza kabisa" wanakosea mara mbili. Kwanza haiwezekani. Ubongo ni karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini hula karibu asilimia 20 ya nguvu zake, na ukikaa kimya matumizi hayo hayashuki sana. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis walieleza kwamba zipo sehemu za ubongo ambazo huchangamka zaidi mtu anapokuwa hana kazi maalumu. Ndizo zinazohusika na kukumbuka yaliyopita, kuwazia yajayo na kujiweka mahali pa mwingine. Pili, hata ingewezekana, ungekuwa umezizima zile zile zinazounganisha mambo yaliyo mbali.

Wavuvi wa pweza wanaijua hali hii bila kuhitaji maabara. Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Pweza hutafutwa maji yakipwa, mwamba ukiwa wazi na mashimo yakionekana. Maji yakijaa, hata uwe hodari vipi, hutamwona. Lakini pweza huyo hakuzaliwa na mwamba mkavu; kila anachokula huletwa na maji. Kwa hiyo maji yasiyopwa hayakupi pweza, na mwamba ambao maji hayaufikii haukupi vilevile. Dawa nyingi za kuriseti akili zinakuuzia kupwa peke yake.

Mwingereza Graham Wallas aliligawa jambo hili mwaka 1926 katika hatua nne: kujiandaa, kuliatamia jambo, kuangaziwa, na kuhakiki. Tumwekee mtunzi wetu wa jina la leso hatua hizo, tuone zinavyokwenda.

Tuseme ameombwa jina la leso ya harusi, na ana siku mbili. Asubuhi ya kwanza anaketi dakika 45 kwa kalamu na karatasi, simu chumba kingine. Anaandika kila linalokuja bila kufuta. Kumi la kwanza litakuwa lile ambalo kila mtu angeliandika: mapenzi matamu, nakupenda milele, Mungu awabariki. Hayo ndiyo njia ya mguu, na lazima yatoke ili yaache kurudi. Baada ya hapo aongeze chakula tofauti: ni nini hutendeka kwenye harusi, nani hulia, mkono wa nani uko wapi, bibi harusi anaacha nini nyumbani kwao. Afike maneno 30 hivi, kisha aandike swali lake kwa sentensi moja: "Nataka kusema kwamba anamwamini, bila kutumia neno mapenzi wala neno kuamini." Kisha asimame na kuondoka, hata kama hana jibu.

Watu wengi hukosea kwenye hatua hii kwa kuifupisha. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya majaribio zaidi ya 100 juu ya kuacha jambo na kulirudia. Mapumziko yalisaidia, na yalisaidia zaidi pale ambapo mtu alikuwa ameshughulika na swali kwa muda mrefu kabla ya kuliacha. Waligundua pia kwamba kwa maswali ya maneno, shughuli nyepesi wakati wa mapumziko ilifaa kuliko ngumu.

Shughuli nyepesi ni ipi? Ile ambayo mikono inaijua na kichwa hakihitajiki sana. Kukuna nazi ndiyo mfano wangu wa kwanza. Umekaa juu ya mbuzi, nusu ya nazi imejaa kiganja, unaizungusha kidogo kila unapovuta, unaanzia pembeni ukirudi katikati, na unakoma weusi wa karibu na kifuu unapoanza kutokea. Sikio linasikiliza, mkono unafuata, na akili imebaki na nafasi ya kuzurura bila kulala. Kusuka ukili ni hivyo hivyo, na kuosha vyombo, na kufua. Kupika pilau ya wageni 40 siyo, kwa sababu inahitaji hesabu. Kutazama mfululizo wa filamu siyo, kwa sababu unakujazia maneno ya mtu mwingine.

Na kutembea kunafaa. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima watu 176 na kukuta kwamba waliokuwa wakitembea walitoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa asilimia 60 kuliko walipoketi. Wengine walitembea kwenye mashine, wameukabili ukuta mtupu, na bado ilisaidia. Kwa hiyo asiyeweza kufika Mama Ngina jioni akapita chini ya mibuyu, azunguke uani au apande na kushuka ngazi za ghorofa kwa dakika kumi. Lakini utafiti ule ule ulionyesha kwamba kutembea hakukusaidia pale lilipotakiwa jibu moja tu sahihi. Hata kulipunguza majibu sahihi kidogo. Basi tembea ukiwa unakusanya, keti ukiwa unachagua.

Jioni, nazi ikiwa nusu mkononi, mtunzi wetu anakumbuka bila sababu mama aliyemwona feri ya asubuhi, amemshika mtoto mkono kwenye msongamano, na mtoto anatembea hata hatazami anakokwenda. Mtoto yule na bibi harusi wanakutana. Linakuja neno: ulinishika mkono. Afute mikono aandike papo hapo, hata kama ni maneno mawili, kwa sababu kikombe hiki nacho kiko kwenye lile sinia dogo, na mgeni mmoja akibisha hodi kitaanguka.

Kuna wanaosema kwamba mawazo haya huwajia tu wenye "ubongo wa kulia". Dhana hiyo ilitokana na kazi halali ya Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981 kwa kuchunguza wagonjwa waliotenganishwa pande mbili za ubongo kwa upasuaji. Sisi wengine pande zetu zimeungana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitazama picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,000 na hawakukuta watu wanaotumia upande mmoja kuliko mwingine kwa jumla. Lugha huelemea kushoto kwa walio wengi, ni kweli, lakini jina la leso linahitaji lugha pamoja na picha ya mtoto wa feri.

Wengine wanadhani ubunifu unataka uhuru usio na mpaka. Washairi wa Mombasa tangu zama za Muyaka bin Haji wangeshangaa kusikia hivyo. Mshororo wa shairi lililozoeleka una mizani 16, nane kwa nane, na vina havivunjwi. Mpaka huo hufanya kazi moja kubwa: unaifunga njia ya mguu. Neno la kwanza lililokujia halitoshei, inabidi utafute jingine.

Jambo moja la kuangalia kabla sijarudi kwa mtunzi wetu. Kuzurura kwa akili kunakofaa kunahama, kutoka feri hadi harusi hadi chakula. Kukiwa kunazunguka jeraha moja, lawama moja, hofu moja, huko si kuatamia wazo. Kukae wiki mbili au zaidi, pamoja na kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula na kutofurahia ulichokipenda, ni ishara ya sonona, na mahali pake ni kwa mhudumu wa afya. Kutembea na kuandika vitamsindikiza, havitachukua nafasi ya matibabu.

Asubuhi ya pili mtunzi anaketi tena, akili ikiwa imelala. Sasa ni kuhakiki, na hapa anahitaji umakini mkali. Anaandika "ulinishika mkono sikuuliza njia", anahesabu: nane, kisha saba. Linapwaya mwishoni. Anajaribu "sikuulizia njia", linakuwa nane kwa nane. Analisoma kwa sauti mara tatu. Anamsomea shangazi yake bila kumweleza na kumuuliza ameelewa nini, shangazi akianza kueleza harusi, limefaulu, akiuliza "njia ya wapi?" linarudi mezani. Kisha analipima kwa nafasi iliyoachwa chini ya mji, kwa herufi kubwa kama litakavyochapwa: ULINISHIKA MKONO SIKUULIZIA NJIA.